Walipata wapi karatasi? Wabaptisti wasiosajiliwa wa Kisovieti na mitambo yao ya kuchapa

Swali la msomaji wa Dodoma: "Nimesikia kwamba Wabaptisti wa Urusi walichapa maelfu ya vitabu vya dini wakati wa Ukomunisti bila serikali kujua. Serikali yenye makachero kila kona ilishindwaje kuwaona? Mashine na karatasi walitoa wapi? Na kwa nini wasingejisajili tu yakaisha?"

Ndugu msomaji, kuna maneno matatu katika swali lako ya kurekebisha kwanza: "bila serikali kujua". Serikali ilijua. Mwaka 1971 wachapaji wenyewe waliiandikia serikali barua wakitangaza kwamba wameanzisha shirika la uchapaji liitwalo Khristianin, yaani "Mkristo", linaloendeshwa kwa sadaka za waumini, na kwamba vitabu vyake vitagawiwa bure. Kilichofichwa ni anwani tu. Hao watu hawakuficha kila kitu. Walichagua vitu vichache vya kuficha, wakavificha kwelikweli, na mengine yote wakayaanika hadharani kwa majina na tarehe. Mengi ya maswali yako yanajibika hapo.

Nianze na usajili, maana kwetu kusajili kanisa ni habari ya katiba, fomu na ada, kwa hiyo ni rahisi kudhani walikuwa wakaidi wa bure. Sheria ya Kisovieti ya tarehe 8 Aprili 1929 ilidai watu 20 watie sahihi ili jumuiya isajiliwe, na hapo si ndipo penye uzito. Uzito uko kwenye kile ambacho jumuiya iliyosajiliwa ilikatazwa. Kifungu cha 17 kilipiga marufuku mifuko ya kusaidiana, mikutano ya pekee ya watoto, vijana au akina mama, vikundi vya kujifunza Biblia, vya kushona au vya kazi, maktaba, matembezi, viwanja vya michezo, hata huduma za tiba. Kilichobaki ni ibada ndani ya jengo lililoidhinishwa, basi. Mchungaji naye alifungwa kwenye eneo la jumuiya yake, asihubiri kwa jirani.

Wabaptisti waliosajiliwa walikuwa chini ya baraza moja la kitaifa lililoundwa Moscow mwaka 1944. Baraza hilo lilipata kibali cha kuchapa Biblia mwaka 1957: nakala 10,000, kwa washiriki waliohesabiwa kwa mamia ya maelfu. Kisha ikaja kampeni ya Khrushchev, kiongozi wa nchi wakati huo, dhidi ya dini, 1959 hadi 1964. Mwaka 1960 baraza, kwa kubanwa na serikali, lilituma waraka kwa wasimamizi wake wa mikoa: watoto wasiletwe ibadani, na ubatizo wa vijana wa miaka 18 hadi 30 upunguzwe uwe wa nadra kabisa. Fikiria kanisa linalobatiza watu wazima tu, halafu linaambiwa lisibatize vijana. Hiyo ni amri ya kufa taratibu.

Agosti 1961 kikundi kidogo kikiongozwa na Gennadi Kryuchkov na Alexei Prokofiev kilipeleka barua ya kupinga na kudai mkutano mkuu. Kwa sababu hiyo waliitwa "watu wa kikundi cha kuanzisha", na mwaka 1965 wakaunda baraza lao wenyewe, Kryuchkov akiwa mwenyekiti na Georgi Vins katibu. Walikuwa makumi ya maelfu tu katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 200.

Sasa vifaa.

Walianza na vile ambavyo mtu angeweza kuvitengeneza jikoni. Taipureta yenye karatasi za kaboni hutoa nakala 4 au 5 zinazosomeka. Ukitumia karatasi nyembamba sana na kugonga kwa nguvu utaongeza kadhaa, lakini ya mwisho huwa kivuli. Kwa barua inatosha. Kwa kitabu cha nyimbo haitoshi, ndiyo maana wakageukia hektografu. Wasomaji wa umri fulani wanaikumbuka mashine ya saiklostaili ya shuleni. Hektografu ni ndugu yake maskini zaidi, haina hata mashine.

Inafanyika hivi. Unachukua jelatini sehemu 1, maji sehemu 2, gliserini kama sehemu 6, kwa uzito. Jelatini inalowekwa mpaka ivimbe, kisha inayeyushwa pamoja na gliserini katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Isichemke, kwa sababu ikichemka inaingiza mapovu, na kila povu juu ya uso ni tundu jeupe katikati ya neno. Unamimina katika sinia bapa, unene wa sentimita moja hivi, unaacha igande usiku kucha. Maandishi ya asili yanaandikwa au kupigwa taipu kwa wino wa anilini, kwa kawaida wa zambarau. Ukurasa huo unalazwa kifudifudi juu ya jelatini kwa dakika chache, unabanduliwa, na wino umebaki chini ukiwa umegeuka kama kwenye kioo. Baada ya hapo kila karatasi safi unayoilaza na kuisugua kwa kiganja inaondoka na nakala.

Nakala 20 au 30 za kwanza ni nzuri, kufikia ya 50 macho yanauma. Chumba kikiwa na joto, jelatini inalainika na kung'ang'ania karatasi, inachanika, na ukurasa huo umekwisha. Kikiwa na baridi kali, wino hautoki vizuri. Ukimaliza unaiacha mpaka wino uzame chini, au unaiyeyusha upya, lakini kila mara inazidi kuwa ya zambarau.

Vidole navyo vinakuwa vya zambarau. Yeyote aliyepiga kura na kujaribu kuosha wino wa kidoleni jioni yake anajua kazi ilivyo. Kwa mtu anayetakiwa kazini kesho saa moja asubuhi, mbele ya msimamizi anayejua kuwa yeye ni Mbaptisti, doa hilo ni ushahidi tosha.

Kwa njia hii ya "rangi ya buluu", kama waumini wenyewe walivyozoea kuiita, zilisambaa barua za miaka ya mwanzo na jarida lao lililoanza 1963. Lakini Agano Jipya zima kwa hektografu ni ndoto. Wakahitaji ofseti.

Uchapaji wa ofseti unategemea jambo moja: mafuta na maji havipatani. Bamba jembamba la chuma hutayarishwa ili sehemu zenye maandishi zishike wino wa mafuta na sehemu tupu zishike maji. Roli moja inalilowesha, nyingine inalipaka wino, maandishi yanahamia kwenye silinda iliyovikwa mpira, na mpira ndio unaogusa karatasi. Maji yakizidi, herufi zinafifia. Yakipungua, ukurasa mzima unakuwa na ukungu wa wino. Mchapaji hodari ni yule anayejua kipimo cha maji kwa kutazama tu bamba linavyong'aa.

Mashine kama hiyo haikuuzwa kwa mtu binafsi katika Umoja wa Kisovieti. Vyombo vya kunakili vilikuwa mali ya taasisi, vimefungiwa na kuhesabiwa. Waumini waliziunda wenyewe kwa vipuri vya kuokoteza: roli za mpira za kukamulia nguo kutoka mashine za kufulia, gia na minyororo ya baiskeli na pikipiki, mota ndogo ya umeme. Ilibidi pia mashine ifunguke vipande na kubebeka kama mizigo ya kawaida ya msafiri. Ufundi huo ulitoka wapi? Serikali yenyewe iliutoa. Kijana Mbaptisti aliyejulikana hivyo alizibiwa njia ya chuo kikuu, akaishia kuwa fundi mchomeleaji, fundi wa lathi, fundi umeme. Kryuchkov mwenyewe alikuwa fundi umeme, Vins mhandisi wa umeme. Ukiwanyima watu digrii kwa miaka 30 unapata jumuiya yenye mafundi kuliko nyingine yoyote mtaani, na sidhani kama kuna ofisa aliyelifikiria hilo.

Tumefika kwenye karatasi. Tupige hesabu, kwa mfano wa kitabu cha kurasa 500 chenye ukubwa wa kiganja, yaani robo ya A4. Karatasi moja ya A4 inabeba kurasa 4 kila upande, jumla 8, kwa hiyo kitabu kimoja kinakula karatasi 63. Rimu ya karatasi 500 inatoa vitabu 7, na karatasi 59 zinazosalia ni za kuharibikia, maana zitaharibika tu. Vitabu 10,000 vinataka rimu zaidi ya 1,400, na rimu ya karatasi ya kawaida ina kilo 2 na nusu. Hapo umefika tani tatu na nusu.

Mtu mmoja akienda dukani akaomba rimu 50, muuzaji atamkumbuka, na siku akiulizwa atasema. Akiomba 2, hakumbukwi. Basi rimu 1,400 kwa 2-2 ni safari 700 za dukani, zinazofanywa na watu wengi katika miji mingi, kila mmoja akiacha mzigo wake kwa ndugu mmoja tu anayemfahamu, asijue unakokwenda. Bibi mwenye kikapu ndiye alikuwa nguzo ya mtambo. Mashine ni kitu kimoja, unaweza kuificha; karatasi ni safari zisizokwisha, za kuingia ikiwa tupu na kutoka ikiwa kitabu, na uzito ni uleule kwenda na kurudi. Ukiniuliza ni wapi mtandao kama huu unakatika, nitakwambia hapo kabla ya pengine popote.

Nyumba ilichaguliwa iwe ya pembeni, ya muumini asiye na jina katika safu za mbele. Wachapaji, wengi wao wasichana wasioolewa na vijana wa kiume, waliingia na hawakutoka kwa miezi. Hawakuandika barua nyumbani, hawakwenda ibadani, hawakusogea dirishani. Mwenye nyumba aliendelea na maisha yake, na tatizo lake kubwa lilikuwa chakula: watu wawili hawanunui mkate wa watu tisa kwenye duka lilelile kila siku. Kukunja karatasi, kupanga, kushona na kubandika majalada mara nyingi kulifanyika nyumba nyingine, ili aliyekamatwa na majalada asiweze kusema lolote kuhusu mashine hata akitaka. Kanuni ni rahisi kuisema na ngumu kuiishi: usiulize usichohitaji kujua. Wabaptisti wanakatazwa kusema uongo, na mbele ya mpelelezi njia salama ya mtu asiyesema uongo ni kutojua.

Walikamatwa? Ndiyo. Oktoba 1974 mtambo wa kwanza ulinaswa katika shamba la Ligukalns, Latvia. Watu 7 walitiwa mbaroni, pamoja na nakala 15,000 za Injili na tani 9 za karatasi. Rudi kwenye hesabu yetu: tani 9 ni karibu rimu 3,600. Mwaka 1977 ukanaswa mtambo mwingine Ivangorod, katika mkoa wa Leningrad, mpakani na Estonia, na Januari 1980 mwingine tena Staryye Kodaki, nje ya Dnepropetrovsk. Uchapaji haukukoma, kwa sababu tangu mwanzo hapakuwa na mtambo mmoja. Kupoteza nyumba kulihesabiwa kama gharama, kama mvuvi anavyohesabu nyavu.

Hiyo ndiyo sehemu iliyofichwa. Sehemu ya pili ya jibu haivutii sana kusimulia, ila kwa maoni yangu ndiyo iliyowaokoa zaidi: daftari la majina.

Februari 1964 wake na mama wa wafungwa walikutana wakaunda Baraza la Ndugu wa Wafungwa. Kazi yake kubwa ilikuwa kuandika. Kwa kila mfungwa: jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, tarehe ya kukamatwa, kifungu cha sheria, muda wa kifungo, wategemezi aliowaacha, anwani ya familia, anwani ya kambi. Orodha ikapelekwa kwa serikali yenyewe, ikanakiliwa kwa makanisa yote, na nakala ikavushwa nje. Kuanzia 1971 baraza likawa na taarifa yake ya mara kwa mara. Lidia Vins, mama yake Georgi, aliliongoza, naye akafungwa miaka mitatu kuanzia Desemba 1970 akiwa bibi wa zaidi ya miaka 60.

Orodha ilifanya kazi kwa namna tatu. Familia ilipata msaada: mama mwenye watoto 8 aliyebaki bila mshahara wa mumewe alifikiwa na changizo kutoka mji ambao hajawahi kuukanyaga, kitendo ambacho kifungu cha 17 kilikikataza waziwazi. Mfungwa alipata barua. Vifurushi vya chakula kambini vilibanwa, kilo 5 mara chache kwa mwaka na baada ya kumaliza nusu ya kifungo, lakini mkuu wa kambi aliyeona gunia la barua za mtu mmoja alijua huyu ana watu wanaohesabu siku zake. Na kifo hakikuweza kufukiwa kimyakimya. Nikolai Khmara wa Kulunda, Siberia, alipofia mikononi mwa dola Januari 1964, wiki mbili tu baada ya hukumu, mwili ulirudishwa nyumbani na waumini wakaandika majeraha waliyoyaona, moja baada ya jingine. Mwaka 1969 kasisi wa Kiingereza, Michael Bourdeaux, alianzisha kituo kilichokuja kujulikana kama Keston College, ambako karatasi hizo zilitafsiriwa, zikapangwa na kutangazwa. Zilifaa kwa sababu zilikuwa na tarehe na anwani. Malalamiko ya jumla yasingemsaidia mtu.

Walijionyesha pia kwa miili yao. Tarehe 16 Mei 1966 wajumbe wapatao 500 kutoka miji mingi walisimama mbele ya jengo la Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti, Moscow, wakidai kuonana na viongozi. Walilala hapo nje. Kesho yake walisombwa kwa mabasi, na Kryuchkov na Vins wakakamatwa muda mfupi baadaye, miaka mitatu kila mmoja.

Ibada za kila wiki zilihama nyumba kwa nyumba. Kuanzia Machi 1966 faini ya kufanya mkutano usioruhusiwa ilifika rubo 50, karibu nusu ya mshahara wa mwezi, na iliweza kurudiwa. Kwa hiyo harusi na mazishi yakawa na kazi ya ziada, maana hakuna sheria inayokataza watu kuja harusini. Waliweka turubai uani, wakaja mamia, na kati ya wali na keki kulikuwa na mahubiri matatu na kwaya. Kiangazi walikutana msituni. Ubatizo ulifanyika mtoni usiku au alfajiri. Nyimbo zilinakiliwa kwa mkono katika madaftari ya shule, na kwa mtu anayejua beti 200 kwa moyo hakuna cha kupekua.

Gharama yake isipambwe. Wazazi kadhaa walinyang'anywa watoto kwa amri ya mahakama kwa kuwalea kidini. Kryuchkov, baada ya kutoka gerezani 1969, aliona atafungwa tena, akatoweka. Aliongoza kanisa akiwa mafichoni karibu miaka 20, hata familia yake ikimwona kwa nadra. Vins alikamatwa tena 1974, akahukumiwa miaka 5 ya kambi na 5 ya uhamisho, na Aprili 1979 yeye na wafungwa wenzake wanne walibadilishwa na majasusi wawili wa Kisovieti waliokuwa wameshikwa Marekani.

Maisha ya siri nayo yanazaa shuku. Serikali ilipandikiza watu, na ilifaidika hata pale ambapo haikupandikiza, kwa sababu ndugu walianza kuchunguzana. Katikati ya miaka ya 1970 baadhi ya makanisa yalichukua njia ya kati: wakasajiliwa kwa kujitegemea, nje ya mabaraza yote mawili, bila kukubali waraka wa 1960. Wale wa Khristianin waliwaona wasaliti. Mimi siwaoni hivyo. Nao walilea watoto wao katika imani, na wengi hawakulipa kwa kifungo. Hata Wabaptisti wa baraza rasmi walipata afueni kidogo katikati ya miaka ya 1960, kwani serikali ilitaka kuonyesha kuwa utii unalipa. Walionufaika na ukaidi wa wachache mara nyingi ndio waliowalaumu.

Wafungwa wengi waliachiwa kufikia 1988, na sheria mpya ya uhuru wa dhamiri ikapitishwa Oktoba 1990. Kryuchkov akatoka mafichoni, akaishi hadi 2007. Makanisa ya baraza lake yapo mpaka leo, na mengi bado hayataki kusajiliwa. Urusi na baadhi ya nchi za Asia ya Kati bado zinawatoza faini.